Khanga kuukuu ya mama yako si aibu

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, na nyie mama vijacho ambao usingizi umeshaanza kuwakataa. Wiki hii sitaongelea chanjo wala uji wa lishe. Nitaongelea nguo. Najua mtasema nesi leo kaishiwa mada, lakini nivumilieni, maana jambo lenyewe nimelibeba muda mrefu na linanihusu mimi kabla halijawahusu nyie.

Naanza kwa kuungama.

Kuna usiku mmoja wa masika nilikuwa zamu, mimi na mhudumu mmoja tu. Saa sita na kitu ikaingia bodaboda imebeba watu watatu: dereva, binti mwenye uchungu katikati, na nyuma bibi mmoja mwembamba amemkumbatia yule binti kama gunia asilotaka lidondoke. Wametokea huko juu, njia ya Mgeta. Mnaoijua barabara ile ikinyesha sina haja ya kuwaeleza. Nikampima, njia imeshafunguka sentimita tisa. Mimba ya kwanza. Uchungu ulianza asubuhi.

Nikauliza, kwa sauti ambayo sijivunii: mlikuwa wapi siku nzima?

Walikuwa wanasubiri seti. Ile seti ya mtoto mnayoijua, yenye kofia, soksi za miguuni, soksi za mikononi na blanketi la manyoya, imekunjwa kwenye mfuko wa nailoni wenye zipu. Shemeji mtu alishuka kutafuta hela ya kukopa akainunue. Binti alishaambiwa na wenzake kwamba ukienda kujifungua na matambara, manesi watakusema mpaka ujute. Shemeji akachelewa, hela haikupatikana, giza likaingia, mvua ikaanza. Ndipo bibi akasema basi, twende hivyohivyo.

Na mimi nikafanya nini? Nikafungua begi lake, nikatoa khanga mbili zilizopauka, moja hata maandishi yake hayasomeki, nikasema: "Hata khanga mpya moja jamani hamkupata?"

Binti akageukia ukutani. Bibi hakupandisha sauti. Alisema tu: "Nesi, hiyo ya juu ndiyo aliyopokelewa mama yake."

Haikupita nusu saa mtoto akatoka, wa kike, kilo 2.6, analia vizuri. Nilimkausha kwa khanga ileile. Ilikuwa imefuliwa, imepigwa pasi, imekunjwa kwa adabu, na pindo lake limepindwa kwa mkono, mishono midogo midogo iliyolingana kama punje za mtama. Niliiona mishono ile vizuri kwa sababu nilikuwa sina ujasiri wa kumtazama bibi usoni.

(Nimebadilisha vitu vidogo vidogo ili wahusika wasijulikane. Maneno ya bibi sijayagusa.)

Kwa hiyo binti yule alikaa na uchungu mlimani tangu asubuhi, mimba ya kwanza, kwa sababu ya aibu ya kitambaa. Aibu hiyo hakuzaliwa nayo. Tuliipanda sisi, wauguzi kwa midomo yetu, na nyie wamama kwa macho yenu pale kliniki mnapokagua mtoto wa mwenzio kavaa nini. Na ile khanga aliyoionea aibu ndiyo ilikuwa nguo bora kuliko zote zilizokuwemo wodini usiku ule. Kesho nitawaeleza kwa nini nasema hivyo, na nitaeleza kama muuguzi, sio kama mtu mwenye huruma tu.


SEHEMU YA 2

Mlioniandikia usiku kwamba nanunua kesi na wauza seti, tulieni. Wauza seti ni wamama wenzetu, wanatafuta riziki. Mwenye hela yake anunue. Mimi naongea na yule anayekopa.

Mtoto akitoka tumboni ametoka mahali pa joto, na kalowa. Kitu cha kwanza tunachokifanya ni kumkausha, haraka, kichwa na mwili wote, halafu tunatupa pembeni ile nguo iliyolowa, tunamlaza kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi, tunawafunika wote wawili kwa nguo kavu. Kwa kazi hiyo unahitaji kitambaa kinachonyonya maji. Pamba inanyonya. Lile blanketi la manyoya halinyonyi kitu, linasukuma maji huku na kule kama ukifuta meza kwa mfuko wa plastiki.

Sasa khanga ya pamba iliyofuliwa miaka na miaka inakuwaje? Imeshachuja rangi yote ya kuchuja. Ule ugumu wa dukani umeshatoka. Imelainika, inanyonya, ukiianika juani inakauka kabla hujamaliza kusonga ugali. Khanga mpya ni nzuri kwa macho, lakini usimfute nayo mtoto siku ya kwanza kabla hujaifua mara mbili tatu. Nimeshaona mtoto mweupe kabisa kwa uchanga wake ana mistari ya buluu mapajani, mama analia akidhani ni ugonjwa, kumbe ni jina la khanga limehamia kwa mtoto.

Kuna jingine, na hili ni kubwa. Mnajua matunzo ya kangaruu? Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo tunamweka kifuani kwa mama, uchi isipokuwa nepi na kofia, tunamfunga pale kwa kitambaa, anakaa mchana na usiku. Utaratibu huu ulianzia Bogotá, nchini Colombia, mwaka 1978, hospitali ikiwa imezidiwa na watoto njiti. Mwaka 2021 yalitoka matokeo ya utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliofanyika nchi 5, na Tanzania imo. Walichukua watoto wa kuanzia kilo 1 hadi chini kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa, vifo vyao ndani ya mwezi wa kwanza vilikuwa pungufu kwa robo kuliko wale waliosubirishwa kwanza mpaka hali zao zitulie. Robo nzima! Na huko wodini mtoto anafungwa na nini? Tukipata vile vitambaa maalumu vya kuvuta, sawa. Tusipopata, ni khanga. Upande mmoja wa khanga ukiukunja vizuri unamfunga njiti akakaa kama yuko mfukoni. Khanga mpya inateleza. Kuukuu inashika.

Halafu kuna habari ya joto. Mlali sio Mgeta. Huko juu Nyandira mtoto anahitaji sweta hata mchana, sikatai. Lakini hapa bondeni mwezi wa kumi na mbili, jua la saa saba, mama anamleta mtoto wa wiki tano kavishwa kofia, soksi, nguo ya manyoya yenye masikio ya sungura, na blanketi juu. "Nesi, mtoto ana homa." Kipimo kinasoma 37.9. Tunamvua, ananyonya, anakaa kivulini na kishati chepesi, baada ya muda tunampima tena: 37.1. Alikuwa anapikwa. Joto la mtoto mchanga linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5, na mtoto hawezi kukwambia mama nipunguzie.

Lakini naomba msije mkanielewa vibaya hapo. Mtoto mchanga akiwa wa moto, usikae nyumbani unavua na kuvisha ukisema nesi wa mtandaoni alisema ni nguo. Mlete tumpime. Homa ya mtoto mchanga sio ya kubahatisha. Na mtoto aliyekataa kunyonya, awe wa moto au wa baridi, huyo ni wa kukimbizwa.

Kitambaa utakijuaje kama ni pamba? Chomoa uzi mmoja pembeni, uchome kwa kiberiti juu ya sahani. Ukiungua kama karatasi ukabaki majivu, ni pamba. Ukiyeyuka ukajikunja ukawa kishanga kigumu, hiyo ni plastiki wamekuuzia. Mama yangu alinifundisha hivyo nikiwa darasa la nne, kabla sijasikia neno polista. Nyuma ya duka, na sio mbele ya mwenye duka.


SEHEMU YA 3

Leo nataka tuongee kidogo ya zamani.

Khanga tunaiona dukani doti nzima imetoka kiwandani, tukadhani ilianza hivyo. Inasimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na Mombasa walikuwa wananunua leso, vile vitambaa vya mraba vilivyoletwa na Wareno, na badala ya kukatiwa kimoja kimoja wakawa wanakatiwa vikiwa vimeungana, kisha wanavishona pamoja vipande sita kuwa nguo moja. Kabla ya hapo kilichovaliwa sana ni merikani, kitambaa cha pamba kisicho na maua kilichokuja kwa meli za Wamarekani wa Salem, na ndiko lilikotoka jina lenyewe. Wenye maduka walipoona leso za kushonwa zinapendwa ndipo wakaagiza zilizochapwa tayari. Yaani wafanyabiashara walimfuata mwanamke mwenye sindano. Mimi jambo hili linanifurahisha kila nikilikumbuka.

Na sikilizeni lugha yetu yenyewe. Pwani, posa ikikubaliwa, katika vitu anavyodaiwa mwanamume kuna mkaja na kuna ubeleko. Mkaja ni ile nguo mama aliyojifunga tumboni alipojifungua. Ubeleko ni mbeleko, nguo aliyombebea mtoto mgongoni. Maana yake nini? Kabla hujamchukua binti, mlipe mama yake zile nguo zilizochakaa kwa ajili ya huyo binti. Wazee walikuwa wanajua hesabu. (Habari ya kufunga tumbo, nitaiongelea siku nyingine kwa kirefu. Kwa leo: kama umepasuliwa, usijifunge kitu mpaka uliyekupasua aseme.)

Sisi Waluguru ukoo wetu unafuata kwa mama. Shamba, jina la ukoo, hata mizimu, njia yake ni tumbo la mama. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, baada ya arobaini mama mkubwa alifungua sanduku lake la bati mbele ya mabinti na wajukuu wa kike. Wanaume walikuwa nje wanakula. Ndani mlikuwa na khanga, nyingi, zimekunjwa mbilimbili, na karafuu zimetiwa katikati. Mama mkubwa alikuwa anainua moja moja na kuitaja. Hii ilikuwa ya msiba wa babu. Hii alitunzwa alipozaliwa mama yako. Hii ni ya mwaka wa njaa, alibadilisha kwa debe la maharage akaenda kuikomboa baadaye. Mtu aliyekuwa hajui kuandika alikuwa ameacha kumbukumbu zake zote, na sisi tuliosoma tukawa tunasomewa.

Mimi nilipata khanga moja na shuka la kudarizi. Shuka jeupe, pembeni lina ndege wawili wanatazamana na maneno KARIBU MGENI, na kuzunguka ukingo wote kuna maua madogo ya mshono ambao, nawaambieni ukweli, sijauona mahali pengine popote. Nyuma ya kitambaa ni kusafi kama mbele. Mliowahi kushika fremu ya kudarizia mnajua hilo sio jambo dogo. Wengi wetu ukigeuza nyuma ni msitu.

Wajukuu wa kike tuko tisa. Hakuna hata mmoja anayejua mshono ule. Mama anasema alimwona bibi akiufanya, jioni, mlangoni, lakini yeye alikuwa na haraka ya kwenda kucheza. Mimi nililala kwa bibi likizo zangu zote za shule ya msingi. Kila jioni sindano ilikuwa mkononi mwake, nusu mita kutoka puani kwangu, na sikuwahi kuuliza.

Kwa hiyo mkisikia nawasihi, jueni nasihi kwa uchungu. Mama yako au bibi yako akiwa bado anaona, muulize wikendi hii. Usisubiri sanduku lifunguliwe mbele ya mama mkubwa.


SEHEMU YA 4

Baada ya lile shuka nilijiapiza kwamba mama hataondoka na kofia.

Kofia ni ile ya kufuma ya watoto wachanga. Nyumbani kwetu ilikuwa moja, ya rangi ya maziwa yenye mstari wa kijani, mama alimfumia kaka yetu mkubwa, na baada ya hapo imevaliwa na kila mtoto wa nyumba ile na watoto wa shangazi na watoto wa majirani wawili. Ilikuwa inazunguka kama sahani ya msiba. Mara ya mwisho nilimvisha mwanangu wa pili. Kisha panya wakaiona.

Nikamwambia mama nifundishe. Akacheka. "Wewe? Mtu mzima na cheo chako?" Lakini jioni ileile alikuwa ameshatoa sindano yake ya kufumia, ile fupi yenye kindoano mbele, ambayo kwenye kidole gumba imelika mpaka ikafanya kitako.

Kofia yangu ya kwanza ilitoka bapa kama mfuniko wa sufuria. Nilikuwa naongeza matundu kila mzunguko bila kuacha. Mama akaitazama akasema hii tutafunikia chai. Ya pili nilibana, ikawa ya kuvaa chungwa. Kumbe siri ni kujua lini uache kuongeza, kuta zianze kushuka. Nikamuuliza nitajuaje? Akasema mkono utajua. Mimi nikaleta futi yangu ya kazini, ile tunayopimia vichwa vya watoto, nikamwambia mama, kichwa cha mtoto aliyetimiza miezi ni sentimita 33 mpaka 35 au karibu na hapo. Akaniangalia, akatandaza kiganja chake mezani: shubiri moja na nusu. Nikaipima shubiri yake kwa futi. Haya, pigeni hesabu wenyewe: shubiri moja na nusu ya mama yangu ni sentimita 34.

Furaha ya kazi ile siwezi kuieleza vizuri. Jaribuni tu. Siku nzima nimeshinda na vitu ambavyo havimaliziki: foleni haiishi, vitabu vya kujaza haviishi, vyombo nyumbani haviishi. Nikikaa jioni na uzi (nyumbani, sio zamuni, msije mkanichongea), mzunguko mmoja unaisha na ninauona umeisha. Na mama akiwa pembeni anaanza kusema mambo ambayo hakuwahi kuyasema. Nimejua alivyojifungua mimi kwa sababu tulikuwa tunahesabu matundu. Akishika uzi anasimulia, akiuweka chini ananyamaza. Sijui kwa nini iko hivyo, lakini waliolelewa na wamama wasusi wa mikeka wataniambia ni vilevile kwenye ukili.

Mama uliyejifungua juzi, usichukue maneno haya ukajibebesha mzigo mwingine. Hakuna anayekudai kofia. Ukipata usingizi, lala. Na kama umejifungua, zimepita wiki mbili na bado unalia bila sababu, huoni ladha ya mtoto wala ya chakula, uzi hautibu hilo. Njoo tuongee, au mtume mumeo aje kuniita.

Kwa wanaofuma, maneno ya muuguzi, na naomba myashike. Mtoto mchanga usimfumie kitu chenye kamba ya kufunga shingoni. Usishone vifungo wala shanga kwenye kofia, vinang'oka vinaingia mdomoni. Soksi za mikononi na miguuni zigeuze ndani nje kabla ya kumvisha, ukate kila uzi unaoning'inia. Uzi mmoja ukijizungusha kwenye kidole cha mtoto unabana, kidole kinavimba kinakuwa chekundu mpaka cheusi, na mama anaona tu mtoto analia usiku kucha hajui kwa nini. Mtoto akilia sana bila sababu, mvue soksi uangalie vidole vyote. Na akilala ndani ya nyumba yenye joto kofia haina kazi, mvue.


SEHEMU YA 5, NA YA MWISHO

Kuna dada mmoja ameniandikia kwa hasira kidogo. Anasema nesi unawarudisha wanawake nyuma, mama zetu walifuma na kudarizi kwa sababu hawakuwa na la kufanya, sisi tuna kazi. Nimemwelewa. Lakini mdogo wangu, bibi yangu alilima vitaraza vya mlimani, akabeba kabichi kichwani, akalea watoto saba. Hakudarizi kwa kukosa kazi. Alidarizi kwa sababu kati ya vyote alivyovifanya kwa siku, hicho peke yake ndicho kisicholiwa, kisichouzwa na kisichofuliwa kesho. Mimi nadhani kilikuwa chake. Ukitaka kukiita starehe, kiite. Alistahili.

Kaka zetu nao wasijifanye hayawahusu. Nenda Unguja ukaangalie zile kofia nyeupe za viua, vitundu vimezungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono, kofia moja inakula wiki na wiki. Mwanamume anaivaa kwa fahari zote Ijumaa. Basi na mwanao akivaa ya kufumwa na bibi yake, usimwambie mkeo "mbona unamvisha ya kizamani."

Sasa niseme na wauguzi wenzangu mnaonisoma kimyakimya, najua mpo. Tunachohitaji kwa mama ni nguo safi na kavu. Basi. Sijaona popote palipoandikwa mpya. Mama akifungua begi, tuangalie usafi, tukae kimya kuhusu rangi. Mimi niliyewaandikia haya nilisema maneno yale kwa mdomo wangu huu, kwa hiyo simnyooshei mtu kidole.

Na wewe mama kijacho: khanga nne za pamba, ziwe kuukuu, ziwe za kuazima kwa dada, zifue, zianike juani, zipige pasi, zifunge kwenye mfuko safi zikae tayari kuanzia mwezi wa nane. Zenye pindo lililofumuka, lipinde mwenyewe kwa sindano na uzi, jioni moja inatosha. Nyingine mbili kata nepi. Uchungu ukianza, chukua mfuko huo na kadi yako, njoo. Usimsubiri shemeji.

Nilikuwa nimepanga kuishia hapo, lakini juzi kimetokea kitu.

Yule binti wa usiku wa mvua alikuja kliniki, mtoto ametimiza wiki sita, chanjo. Kamfunga mgongoni kwa mbeleko. Sikuhitaji kuuliza ni khanga ipi, ule mpauko nilishaujua. Bibi naye alikuwepo, kashuka mlima mzima kumsindikiza. Nikawapokea. Mtoto ana kilo 4.3, mashavu kama andazi. Nikamwambia bibi, mbele ya watu waliokuwa kwenye benchi, kwamba usiku ule nilikosea, na naomba anisamehe. Akasema, "Aa, nesi, uchovu ule." Kwa jinsi alivyosema ilikuwa wazi kwamba hakusahau.

Sasa kwenye mkoba wangu kofia ilikuwa inachungulia, ile ninayoifuma sasa hivi ya mtoto wa mdogo wangu, rangi ya maziwa na mstari wa kijani kama ile iliyoliwa na panya. Bibi akaivuta bila kuomba ruhusa. Akaigeuza ndani, akaigeuza nje, akaisogeza karibu na macho. Akahesabu kwa Kiluguru, midomo inacheza. Kisha akachomoa sindano, akavuta uzi, na mimi namtazama, na benchi zima linatazama, akafumua mizunguko minne ya kazi yangu ya siku tatu mpaka akafika mahali akasimama.

"Hapa uliruka tundu," akasema. "Anzia hapa."

Akanirudishia. Akampandisha mtoto vizuri mgongoni kwa mama yake, akakaza fundo la ile khanga, wakaondoka kuwahi gari la Mgeta.

Nimeshafika tena mzunguko wa pili baada ya pale. Mdogo wangu ana wiki tatu mbele.